Kisanduku cha spana used cha laki tatu na nusu: nichukue au niachane nacho?

"Shikamoo fundi. Nimemaliza ufundi magari VETA hapa Moshi na nimepata nafasi kwenye gereji moja Arusha, pande za Unga Limited. Magari mengi pale ni Toyota, Noah za abiria na Land Cruiser za watalii. Bosi kasema kila fundi aje na vifaa vyake. Nina laki nne tu, nimechangiwa nyumbani. Kuna mtu Kiboriloni anauza kisanduku cha vifaa used, anasema ni vya mzungu aliyefunga kampuni, anataka laki tatu na nusu kwa vyote. Ndani kuna spana za Kijerumani, soketi na racheti, toki renchi, jeki ya chupa na stendi mbili, bisibisi, plaizi, nyundo, tindo na grenda yenye maandishi ya Kijapani. Vingi vina kutu. Wenzangu wananiambia niachane na mtumba, ninunue seti mpya ya Kichina inayong'aa ya vipande zaidi ya mia nibaki na chenji. Naogopa kupoteza hela ya watu. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kumaliza na hongera kwa kupata pa kuanzia. Naona kinachokunyima usingizi sio kutu, ni kwamba hiyo laki nne imechangwa na watu wa nyumbani, ikiteketea hakuna nyingine na gereji utaingia mikono mitupu. Kwa hiyo nakupa jibu kwanza alafu nafafanua. Kisanduku kizima kwa laki tatu na nusu usichukue, ila kuna vitu humo ndani ambavyo kama vimetulia vitakuzidi umri, na hivyo ndo uende ukavipiganie kwa bei yake. Na ile seti inayong'aa nayo usiikimbilie.

Wewe na wenzako mnabishana kipya au cha zamani, na hapo ndo mnapotea. Jiulize hivi kwa kila kifaa utakachoshika: kikiwa kimechoka, uchovu wake naweza kuuona kwa macho hapa hapa mezani, au umejificha ndani? Na kikinifelia kazini kitaharibu nati tu au kitaumiza mtu? Chuma kilichofuliwa kipande kimoja kama spana hakina siri, uzima wake na ubovu wake viko nje, ukijua pa kuangalia hudanganyiki. Kitu chenye springi, mpira, mafuta au waya ndani yake kinaweza kuwa kinapendeza nje huku ndani kimekwisha, na hapo macho yako hayana msaada.

Tuanze na spana mana ndo roho ya kisanduku. Spana nzuri imefuliwa kwenye chuma chenye mchanganyiko, mara nyingi kromu na vanadiamu, alafu ikapikwa kwa moto na kupozwa kwa utaratibu ili iwe ngumu bila kuwa dhaifu kama kioo. Huo upishi ndo unaoununua, sio mng'ao. Maandishi ya Chrome Vanadium kwenye mpini yasikuzuzue, mtu yeyote mwenye mashine ya kugonga chapa anaweza kuyaandika. Majina ya Kijerumani kama Stahlwille, Gedore na Hazet, au ya Kijapani kama KTC, TONE na Koken, yamejijengea heshima kwa mafundi kwa sababu upishi wao unaaminika na vipimo vyao vinakaa, na spana ya aina hiyo iliyotumika miaka mingi bado inaweza kushika nati vizuri kuliko mpya laini. Laini nikimaanisha ukiivuta kwa nguvu mdomo unafunguka, inateleza, inakula kona za nati, na nati iliyokula kona kwenye ekzosi ya Land Cruiser iliyopigwa na vumbi na maji ya porini itakupotezea siku nzima na imani ya bosi.

Sasa pa kuangalia. Kabla hujaenda Kiboriloni pita duka la vifaa ununue bolti mpya chache, zenye kichwa cha milimita 10, cha 12, cha 14 na cha 17, uziweke mfukoni. Hizo ndo geji zako. Ingiza kila spana kwenye bolti yake, ichezeshe kulia na kushoto, mchezo mdogo ni kawaida ila ikiyumba sana mpaka unaona inapanda kwenye kona, iache. Upande wa mdomo wazi angalia kama zile kuta mbili bado zimesimama sambamba au zimepanuka kama herufi V. Upande wa ringi chungulia meno ya ndani, yakiwa yamelala au yamekuwa mviringo haitakaa. Mdomo wazi unashika nati pande mbili tu wakati ringi inaizunguka yote, ndo mana mdomo unachoka mapema, na ndo mana hata spana yenye mdomo uliochoka kidogo lakini ringi nzima bado ina kazi, bei tu ishuke.

Alafu angalia rangi. Ukiona sehemu ya spana ina bluu au zambarau, ilishapata moto mkali, iwe ni grenda au gesi. Chuma kilichosafishwa kinatoa hiyo rangi kikifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na moto wa kiasi hicho au zaidi unaweza kuharibu ule upishi wa kiwandani. Spana iliyopashwa moto ikakunjwa ili kufikia starta au nati ya pembeni ya injini ni kawaida kwenye gereji zetu na kwa ile kazi moja inasaidia, ila usiilipie bei ya spana nzima na usiitegemee kwenye nati iliyokaza.

Nyufa zinajificha kwenye shingo ya ringi na kwenye kona za soketi. Kuna njia ya zamani haina gharama: paka mafuta ya taa pale unapopashuku, subiri dakika chache, futa mpaka pakauke kabisa, alafu sugua chaki ya ubaoni ya unga. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Muuzaji akikukatalia kufanya hivyo kwenye bidhaa yake, mshukuru uondoke.

Kutu sasa, ndo inayokutisha na ndo itakusaidia kushusha bei. Kutu ya juu juu, ile ya kahawia ambayo ukisugua kwa brashi ya waya chini unakuta chuma kimelala sawa, haijaua spana. Loweka kwenye siki usiku kucha, suuza, kausha hapo hapo, paka oili, imerudi kazini. Iliyoua ni ile iliyochimba vishimo, hasa ikichimba ndani ya soketi au kwenye meno, mana hapo vipimo vimeshapotea na kila kishimo kinaweza kuwa mwanzo wa ufa. Usije ukakubali mtu akuchomee kutu kwa gesi ili ing'ae, ataondoa kutu na ule upishi pamoja.

Kuna kitu kimoja wanafunzi wengi hawaambiwi na wewe kitakugusa moja kwa moja. Vifaa vya Ulaya vimepangwa kwa bolti za Ulaya. Bolti yenye unene wa milimita 8 kule kwa kawaida ina kichwa cha 13, lakini kwenye Toyota bolti hiyo hiyo kwa kawaida ina kichwa cha 12. Bolti ya milimita 10 kwao ni 16 au 17, kwa Mjapani ni 14. Kwa hiyo unaweza kununua seti safi ya soketi za Kijerumani ukafika gereji ukakuta 13 iko mpya kabisa haina kazi, na 12 na 14 ambazo utazishika kutwa nzima hazimo. Pekua uone 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zipo, na 21 kwa ajili ya nati za tairi za Toyota nyingi. Zikikosekana 12 na 14, hiyo seti kwako ni pungufu hata kama haina hata doa.

Na angalia kama namba ni za milimita kweli. Vifaa vya zamani vya Mwingereza na Mmarekani vinakuja kwa inchi. Baadhi zinakaribiana, spana ya robo tatu inchi inashika nati ya 19 vizuri tu, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, ukiiweka kwenye nati ya 12 unaila kona. Kuna na zile za Whitworth, kwenye hizo namba iliyoandikwa inahusu unene wa bolti yenyewe wala sio upana wa kichwa, ukizinunua kwa Noah umenunua chuma chakavu. Ila kama gereji yenu wanapokea Land Rover za zamani, usizitupe, uliza wakubwa pale.

Racheti ndo kifaa ninachokuonya ukikague taratibu. Ndani yake kuna kijino kinachosukumwa na springi kwenye gurudumu lenye meno. Kijino kikichoka racheti itaendelea kulia tiki tiki vizuri kabisa ukiwa umeishika mkononi, alafu siku unaivuta kwa uzito wote inaruka, na ngumi yako inaenda kutua kwenye rejeta. Kuizungusha hewani hakutoshi. Omba uifunge kwenye bolti iliyokaza, hata ya toroli lililopo hapo sokoni, uivute kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, pande zote mbili, na usikie kama inaruka jino. Ikiruka hata mara moja usiichukue, vipuri vyake vya ndani kuvipata huku kwetu ni shughuli. Soketi zenyewe zikiwa nzima ni sawa, nunua, alafu racheti utafute mpya ya wastani, zile za Taiwan kama King Tony zinafaa kwa anayeanza. Na soketi nyembamba za kung'aa usije ukazitia kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati za tairi. Za mashine ni zile nyeusi nene. Ya kung'aa ni ngumu mno juu, ikigongwa gongwa inaweza kupasuka ikarusha vipande.

Sasa tufike pale ambapo nakuomba kabisa usinunue. Jeki ya chupa na zile stendi mbili, ziache. Jeki ya mafuta inabebwa na sili za mpira, na mpira unakauka kwa umri hata kama jeki haijawahi kutumika, utainyanyua pale sokoni ikapanda vizuri na ikakaa, alafu wiki ijayo na gari juu inashuka. Stendi tatizo lake ni kuchomelea, huwezi kujua kama iliwahi kupinda ikanyooshwa, au mguu ulikatika mtu akaupiga welding na kupaka rangi. Hivi ni vitu ambavyo mwili wako unalala chini yake. Tena kwa haki kabisa jeki, stendi, vaisi ya mezani na kompresa ni vitu vya gereji, bosi ndo anatakiwa awe navyo, wewe njoo na vifaa vya mkono. Muulize kabla hujatumia hata shilingi. Na hata ukikuta jeki nzima ya kampuni kubwa, jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingie chini ya gari mpaka limekaa kwenye stendi. Kingine cha kutonunua used ni kile kibanio cha springi za shokapu, kikiachia kinaua.

Toki renchi, yaani ile ya kukazia nati kwa kipimo, inategemea ni ya aina gani. Ile ya kubofya, unayozungusha mpini mpaka namba unayotaka, ina springi ndani. Ikihifadhiwa miaka ikiwa imekazwa springi inaweza kuchoka na kipimo kikahama, na itaendelea kulia "tik" kwa kujiamini kabisa huku inadanganya. Viwango vya kimataifa vinataka ya aina hiyo ihakikiwe kila baada ya mizunguko kama 5000 au miezi 12, na kuihakiki kunahitaji mtambo maalumu, sio kubahatisha na mkono. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo zinakazwa kama Nm 103 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini bolti ya kumwagia oili haifiki hata nusu ya hapo, na inaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ambayo kwenye baadhi ya injini ni ya aluminiamu, ukikosea unavua nyuzi. Kwa hiyo toki renchi ya kubofya usiyojua historia yake ni ya kuacha. Ila kama ni ile ya sindano, yenye fimbo inayojipinda na mshale unaoonyesha namba, hiyo haina springi ya kuchoka, mradi fimbo iko sawa na mshale unarudi kwenye sifuri, ichukue kwa furaha.

Grenda ya Kijapani ni mtego mwingine na wengi hapa kwetu umewala. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, huku kwetu ni 230. Soma kibati chake. Ikiwa imeandikwa 100V ukaichomeka ukutani itaungua kwa muda mfupi sana, labda uwe na transfoma inayoimudu, na hela ya transfoma bora uweke kwenye spana. Vile vya Mwingereza vya njano vya 110V ni shida hiyo hiyo.

Vilivyobaki ni vya kupita haraka. Plaizi: funga kabisa, inua kwenye mwanga, sehemu ya kukatia isiwe na mapengo na maungio yasichezecheze kwa pembeni. Bisibisi bapa iliyochakaa ncha unaweza kuinyoosha kwa tupa, ya nyota iliyolika haitengenezeki, ila ukikuta za Kijapani kama Vessel zenye ncha nzima zichukue zote, skrubu za nyota za magari na pikipiki za Kijapani zina umbo lake na bisibisi nyingi za kawaida zinateleza humo. Nyundo mpini unabadilishwa, cha kukagua ni uso wa chuma usiwe umemeguka. Tindo iliyochanua kichwa kama uyoga inafaa, lakini usiipige nyundo kabla hujasaga kile kilichochanua, mana ndo kinachoruka na kuingia jichoni. Na ikitokea kipande kimeingia jichoni, kwako au kwa mwenzako, msichokonoe na leso wala wembe. Funika jicho bila kulibana uende hospitali siku hiyo hiyo, KCMC hapo Moshi wana idara ya macho.

Kuhusu ile seti ya vipande zaidi ya mia, sisemi kila cha China ni kibaya, kuna viwanda vya China vinavyotengeneza vizuri sana. Shida ni kwamba kwa bei ile hela yako imegawanywa kwa vipande vingi ambavyo hutavigusa, vibiti vidogo vidogo na soketi za namba usizozitaka, na vile saba nane utakavyotumia kila siku vimepewa chuma cha bei hiyo hiyo. Kromu yake ikianza kubanduka inakata mkono kama wembe. Kwa namba ambayo unaigusa mara moja kwa mwezi, spana mpya ya bei nafuu inatosha kabisa, na mimi ningefanya hivyo. Kwa 10, 12 na 14 usibane hela.

Jambo la mwisho na ni zito. Uliza hivyo vifaa vimetoka wapi. Mafundi wengi wanachonga jina au alama kwenye spana zao, ukiona alama imesagwa kwa grenda kwenye vipande vingi, hiyo huenda ni mali ya fundi mwenzako aliyeibiwa. Kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na zaidi ya sheria, mafundi wa Moshi na Arusha wanatembeleana, mtu ataitambua spana yake mkononi mwako wiki ya kwanza tu. Hata kama kila kitu kinaonekana safi, dai maandishi yenye jina la muuzaji, namba yake ya simu, orodha ya vitu na sahihi. Kama kweli ni vya mzungu aliyefunga kampuni, karatasi haitamsumbua.

Kwa hiyo nenda hivi. Usiende peke yako, mtafute mwalimu wako wa karakana pale VETA au fundi mmoja mtu mzima kutoka hiyo gereji unayokwenda, macho yake yana thamani kuliko maelezo yangu mana mimi hivyo vifaa sijavishika. Nenda mchana kwenye mwanga. Toa kila kitu kwenye kisanduku, tenga mafungu mawili, chini weka jeki, stendi, grenda na toki renchi kama ni ya kubofya, juu weka spana, soketi, plaizi, bisibisi, nyundo na tindo zilizopita ukaguzi. Mwambie muuzaji unataka fungu la juu tu, na anza chini ya nusu ya bei yake. Atasema hauzi nusu nusu. Mwachie namba yako urudi nyumbani, jeki iliyobaki peke yake na grenda ya volti 100 haziuziki kirahisi, na wewe una muda mpaka siku ya kuripoti. Ukifanikiwa hakikisha umebaki na angalau laki moja na nusu, hiyo ni ya racheti mpya, namba zilizokosekana, miwani ya kukinga macho na kufuli la kisanduku. Asipokubali kabisa, anza na spana sita nzuri za kombinesheni, zile zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, 8, 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi mbili na plaizi moja, alafu kila mwisho wa wiki ukilipwa ongeza kimoja.